Masuke Yaliyopakwa Chokaa

Mama aliposhuka kwenye gari mbele ya nyumba yangu ya Izia, mjini Sumbawanga, mwezi wa tisa mwaka jana, mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa plasta na wa kulia ulikuwa umekumbatia fungu la masuke ya ulezi. Mdogo wangu wa kiume, aliyemleta kutoka kijijini kwetu Chala, alibeba kikapu cha nguo na kigoda. Fungu hakumpa mtu. Aliingia nalo sebuleni, akalipakata wakati akinywa chai, na kabla jua halijazama akaniomba msumari.

"Wa nini, mama?"

"Wa kutundikia."

Nilimpigilia jikoni, juu ya dirisha. Alilitundika mwenyewe kwa mkono mmoja, kwa kitanzi cha kamba ya gome alichokuwa amekifunga tangu kwake. Kisha akatazama dari letu jeupe, akatazama jiko la gesi na lile la mkaa lililokuwa pembeni.

"Jikoni kwenu hakuna moshi?"

"Hakuna, mama. Ndiyo raha ya nyumba za mjini."

"Haya," alisema, akatoka.

Nilicheka peke yangu nikidhani anashangaa usafi. Kama ningekuwa bado nina akili za Chala, ningejua kwamba mtu anayeulizia moshi anaulizia kinga dhidi ya wadudu, na kwamba hakuna mwanamke wa Ufipa anayeulinda kwa moshi ulezi wa uji. Ulezi wa uji hupurwa na kuwekwa guniani. Unaobaki kwenye masuke, umechaguliwa suke kwa suke na kufungwa kwa gome, ni mbegu. Haya niliyajua nikiwa na miaka saba. Nilipofika arobaini na nane, baada ya vyeti na nyumba ya matofali ya kuchoma, nilikuwa nimeyasahau kabisa. Nililiangalia fungu lile nikaona zawadi kutoka kijijini.

Lazima nieleze jambo jingine, maana bila hilo habari ya mapambo ya Noeli nitakayoisimulia haitakuwa na uzito wowote. Mama alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi ya kihenge chake cha nafaka. Sisi watoto wake watatu tulizungumza kwa simu na kukubaliana kwamba hatarudi tena kuishi peke yake. Mimi ndiye mkubwa, nyumba yangu ndiyo iliyo karibu na hospitali, kwa hiyo angekaa kwangu moja kwa moja. Uamuzi ulikuwa wa busara na sikuona mtu wa kuulaumu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hatukumwambia mwenyewe. Tulimwambia anakuja mpaka mkono upone.

Mkono ulipona mwezi wa kumi na moja. Plasta ilitolewa, na mimi nikanyamaza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililificha. Kila mama aliponyanyuka nilimkalisha. Aliposhika ufagio nilimnyang'anya kwa upole. Alipotaka kuchambua maharage nilimwambia msichana wa kazi yupo. Nilijiona namlipa miaka yote aliyoinama kwa ajili yangu. Matokeo yake akawa mgeni asiyekwisha ugeni. Aliomba ruhusa ya kuchota maji ya kunywa. Alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Na kila asubuhi, mvua zilipoanza, alisimama barazani akitazama upande wa kaskazini ambako mawingu hutanda kuelekea Chala, akaniuliza swali lile lile: "Huko mvua imefika?"

Nilimjibu kama mtu anayeulizwa hali ya hewa.

Wiki ya tatu ya Majilio, Noeli ikikaribia, binti yangu alirudi likizo kutoka chuo kikuu. Aliingia na begi, simu mkononi, akamwona bibi yake na kupiga magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Huko mnafundishwa kufunga?"

"Bibi, hii ndiyo fasheni."

"Fasheni! Mume wetu angekuwa hai angekurudisha kwenu, angesema nimeletewa fito."

Walicheka wote wawili, na mimi nikasimama mlangoni nikisikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa kumsikia mama akicheka kwa sauti nyumbani kwangu. Ndipo lilipoibuka wazo la mapambo.

Kila mwaka tulikuwa tunanunua sokoni yale mapambo ya kung'aa na taa ndogo zinazowaka na kuzimika. Mwaka huo niliamua tutengeneze yetu, kwa vitu vya nyumbani, kama mama alivyokuwa akitengeneza nilipokuwa mdogo. Nilitaka aamke siku ya Noeli aione nyumba yake ndani ya nyumba yangu. Nikiwa mkweli zaidi, nilitaka nyumba yangu imshawishi kubaki bila mimi kulazimika kufungua mdomo.

Mapambo ya mama niliyakumbuka vizuri, au nilidhani hivyo. Baba alikuwa akikata tawi la mpaina na kulisimika kwenye debe la udongo. Mama alipasua maganda makavu ya mahindi, akayalowesha yalainike, akakunja malaika wenye viuno vya uzi. Karatasi za fedha kutoka ndani ya pakiti za majani ya chai zilikunjwa kuwa nyota. Vizibo vya soda vilipondwa kwa jiwe, vikatobolewa na kufungwa viwili viwili ili vigongane mlango unapofunguliwa. Lakini kilichonikaa moyoni kuliko vyote ni masuke ya ulezi yaliyopakwa chokaa. Suke la ulezi, kwa asiyelijua, lina vidole vitano au sita vinavyojikunja kuelekea ndani kama kiganja cha mtoto aliyelala. Likipakwa chokaa na kukauka huwa jeupe kabisa, na ukilitundika kichwa chini unaona nyota. Kwenye tawi letu yalikuwa yakining'inia kumi au kumi na mbili. Nilikuwa nikilala kwenye mkeka na kuyahesabu.

Kazi yangu ni kuwafundisha walimu. Somo ninalolipenda ni lile la kutengeneza zana za kufundishia kutokana na mazingira, na kwa miaka mingi nimesimama mbele ya vijana nikirudia kwamba mwalimu mbunifu hakosi kitu: mazingira yana kila anachohitaji. Wananukuu sentensi hiyo kwenye mitihani na mimi ninawapa alama. Jumamosi ya wiki hiyo nilikuwa tayari kuithibitisha kwa mikono yangu mwenyewe.

Mama alikwenda kusali na wanajumuiya, nyumba ya nne kutoka kwetu. Tulikuwa na saa mbili. Binti yangu alipika gundi kwa unga wa ngano na maji, akaikoroga mpaka ikang'aa. Nilitoa rundo la karatasi za mitihani ya zamani, tukazikata vipande virefu na kuvipitisha kimoja ndani ya kingine mpaka tukapata mnyororo wa kuzunguka sebule nzima, wenye wino wangu mwekundu kila mahali. Katika pete moja paliandikwa "Fafanua", katika nyingine "Umetoka nje ya swali".

"Mama, hii mbona kama unawasahihisha malaika?" binti yangu alisema.

"Na wao wasome."

Maganda ya mahindi tuliyapata kwa jirani. Vizibo vilikuwa tele. Kilichobaki ni chokaa, na ndoo ya chokaa ilikuwa stoo tangu tulipopaka ukuta wa nje. Niliikoroga kwa maji ikawa nzito kama maziwa ya mgando. Kisha nikapanda juu ya stuli, nikalitoa fungu kwenye msumari.

Binti yangu aliacha kukata.

"Mama, huo si ulezi wa bibi?"

"Ni wa uji. Tutamnunulia mwingine sokoni, kilo nzima."

"Tusimwulize kwanza?"

"Tukimwuliza itakuwa mshangao gani?"

Fundo la mama lilikuwa gumu. Nililihangaikia kwa kucha, kisha kwa meno, na mwishowe nikalikata kwa mkasi. Ninaandika hili kwa sababu nimelifikiria mara nyingi kuliko mengine yote. Fundo linapokataa namna ile, mtu mwenye masikio husikia kwamba anaambiwa jambo.

Yalikuwa masuke arobaini na kitu, makubwa yote, hakuna hata moja jembamba. Tulichagua thelathini. Binti yangu aliyachovya yake kwa utaratibu, akayafunga kwa uzi mwekundu na kuyatundika kwenye kamba ya nguo barazani, chini ya paa, ambako upepo wa Sumbawanga haupumziki. Mimi nilifunga yangu kwa uzi mweupe. Mvua ilikuwa imeanza, hewa ilikuwa na unyevu, na nilihofia mama angerudi kabla hayajakauka. Niliwasha jiko la mkaa, nikayapanga juu ya wavu, nikayageuza kama mtu anayechoma mahindi. Ndani ya nusu saa yalikuwa makavu na meupe kama mfupa. Ya binti yangu yalichelewa sana; aliyaleta yakiwa bado ya baridi mkononi.

Tulipoyatundika kwenye tawi la mpaina tulilokuwa tumelisimika sebuleni nilirudi nyuma hatua tatu, na kwa muda nilikuwa Chala, juu ya mkeka, nikihesabu.

Mama alirudi akiwa amefunikwa mwavuli na jirani yetu, mwanamke wa Kiislamu aliyehamia mjini kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, muuza dagaa, ambaye hutaniana naye kila wakutanapo. Jirani ndiye aliyetangulia kuona.

"Hee! Wafipa nyie! Ulezi mmeunywa weee, sasa mmeanza kuuvalisha kanzu?"

Siku nyingine mama angemjibu jambo kuhusu dagaa na harufu yake, na jirani angepiga makofi. Siku ile alimpita. Alivua kandambili, akauendea mti, akalishika suke moja kwa vidole viwili, halafu la pili. Kisha akaingia jikoni. Aliporudi alikuwa ameshika kamba ya gome iliyokatwa.

"Nani amekata fundo langu?"

"Mimi, mama. Nilitaka kukushangaza. Unakumbuka ulivyokuwa unatupambia masuke ya chokaa, pale kwetu?"

Aliketi kwenye kigoda chake. Si kwenye kochi.

"Yale yalikuwa matupu, mwanangu," alisema. "Tulikuwa tumeshapura. Nafaka imekwenda guniani, makapi ndiyo mliyokuwa mnachezea. Hii ilikuwa mbegu."

Sijui kama ninaweza kueleza vizuri kilichonipata. Picha niliyoitunza kwa miaka arobaini ilikuwa sahihi kwa kila kitu: chokaa, uzi, idadi, namna yalivyogeuka polepole mlango ulipofunguliwa. Lakini niliitazama kutoka mkekani. Kazi iliyotangulia, ya kupura, kupepeta na kutenganisha cha kula na cha kupanda, ilifanyika juu ya kichwa changu, na mimi nikabaki na uzuri wake peke yake.

"Mbegu ya wapi, mama?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Ya shambani kwangu. Nilikuwa niondoke nayo Noeli ikipita. Ntumba zangu zinanisubiri."

Ntumba ni yale matuta ya duara ya kwetu. Masika yanapokaribia kwisha, majani hukusanywa na kufunikwa kwa udongo, juu yake hupandwa maharage, na ndani yake majani huoza taratibu. Mvua za mwaka unaofuata tuta huvunjwa, udongo mweusi ule husambazwa, na humo ndimo unamopandwa ulezi. Mama alikuwa ameyalima matuta yake kwa mkono wake miezi michache kabla ya kuanguka. Kwa hiyo kila asubuhi aliyosimama barazani na kuulizia mvua, alikuwa anaona matuta.

"Kuondoka uende wapi, mama?" nilisema. "Tulikubaliana utakaa hapa."

"Tulikubaliana?" Aliniangalia. "Mimi nilikaa kikao hicho?"

Jirani alikunja mwavuli wake uliokuwa tayari umekunjwa, akasema amesahau kitu jikoni kwake, akaenda zake. Binti yangu aliinamisha kichwa juu ya maganda. Mimi, niliyezoea kuwaambia wanafunzi wafafanue, sasa nilitakiwa kufafanua. Nilimweleza yote: simu, kihenge, ngazi, hofu yetu ya kumkuta siku moja ameanguka bila mtu wa kumwokota. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Umeyakaushia wapi?" ndilo alilouliza.

"Yapi?"

"Masuke, mwalimu." Huniita mwalimu akikasirika. "Chokaa si kitu, mbegu tunaiweka hata kwenye majivu. Umeyakaushia wapi?"

"Yangu jikoni, juu ya mkaa. Yale yenye uzi mwekundu alikausha mjukuu wako barazani, kwa upepo."

Alifumba macho kidogo. Masuke yaliyobaki bila chokaa yalikuwa kumi na matatu, kiasi kisichofika popote. Mbegu ya sokoni hakutaka hata kuisikia. Ile ilitoka kwa mama yake, na kabla yake kwa mama wa mama yake, na haikuwahi kukosa kurudi ardhini mwaka hata mmoja.

Kesho yake, baada ya misa, aliomba sahani mbili za bati na kipande cha kanga kuukuu. Hakuomba kama mgeni. Alisema: "Lete." Alitoa punje kutoka kwenye masuke ya uzi mweupe akaziweka kwenye sahani moja, za uzi mwekundu kwenye nyingine, akazifunika kwa kitambaa kibichi kama wanawake wa kwetu wanavyootesha kimea cha pombe. Sahani akaziweka chini ya mti wa Noeli, mahali ambapo pango la Noeli lingekaa.

"Bibi, tunasubiri nini?" binti yangu aliuliza.

"Tunasubiri kuambiwa, mke mwenzangu. Zikiota, nakwenda nazo. Zisipoota..."

Kwa siku nne nyumba yetu iliishi kuzizunguka sahani mbili. Asubuhi na jioni mama alichovya vidole kwenye kikombe na kunyunyiza. Muda uliobaki aliutumia kutukosoa. Malaika wetu wa maganda aliwaita vibarua waliolewa. Aliwafungua wote na kumwonyesha mjukuu wake namna ya kukunja ganda likiwa na unyevu, ili mabawa yasisimame kama masikio ya punda. Akataka vizibo viongezwe. Akagundua kwamba gundi ya ngano inawaita sisimizi, akaagiza itiwe majivu kidogo. Akachambua maharage bila kuniuliza, akaagiza chungu, akampa msichana wa kazi siku ya kupumzika. Nilimtazama akitembea nyumbani mwangu kwa hatua za mwenye nyumba, na nikaona kwamba nilikipata nilichokitaka katika wiki ile ile ambayo yeye alikuwa anasubiri ruhusa ya kuondoka.

Sitaficha. Siku ya pili, watu wote wakiwa nje, niliinua kitambaa na kuona punje zimekaa kama zilivyowekwa, nami nikafurahi. Niliwaza: zisipoota, atakaa. Sitalazimika kumkatalia, mbegu itakuwa imemkatalia kwa niaba yangu. Nilikishusha kitambaa taratibu. Kupitia mlango wa jikoni niliona jiko la mkaa likiwa baridi, na nilielewa kwamba nilichofanya Jumamosi bila kujua, sasa nilikuwa nakitamani nikijua.

Jioni hiyo nilizinyunyizia maji mimi mwenyewe. Sahani zote mbili. Mama aliniona kutoka mlangoni, akarudi kwenye chungu chake.

Mkesha wa Noeli, adhuhuri, binti yangu alipiga ukelele sebuleni. Tulikimbia wote, hata jirani ambaye alikuwa ameleta bakuli la dagaa wa sikukuu na kwa siku nne alikuwa akipita kila mara kuuliza "wagonjwa wenu wameamkaje". Sahani ya uzi mweupe ilikuwa kama ilivyokuwa: punje zimevimba, zimekuwa nyeusi, zinaanza kunuka. Sahani ya uzi mwekundu ilikuwa imetoa mizizi midogo myeupe, myembamba kuliko uzi wa kushonea, karibu kila punje.

"Alhamdulillahi," alisema jirani.

Mama aliinama juu ya sahani. Nilingoja afurahi. Badala yake alihesabu kwa vidole masuke ya uzi mwekundu yaliyokuwa mtini, akajumlisha yale kumi na matatu.

"Nusu ya shamba," alisema. "Nusu nyingine nitapanda maharage."

Kisha akanigeukia, akangoja. Nilijua anangoja nini. Wadogo zangu wangesema ninayoyajua: ngazi, kihenge, umri. Na walikuwa sahihi, na mpaka leo sioni walipokosea. Lakini nilikuwa nimesimama kati ya sahani mbili, na ile isiyoota ilikuwa ya masuke niliyoyaharakisha mimi.

"Nani atakaa nawe, mama?"

"Mtoto wa shangazi yako amekuwa akiomba chumba tangu mwaka juzi. Kihenge nitampandisha yeye. Mkono ukiuma nitapiga simu. Mimi sikatai kuja kwako, mwanangu. Nakataa kuletwa."

"Basi nitakupeleka," nilisema. "Tutakwenda sote, tukavunje hizo ntumba."

"Wewe?" Aliitazama mikono yangu, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Mke mwenzangu, umesikia? Mwalimu anakwenda kulima. Bebeni na dawa ya mgongo."

Mti ulibaki na mapambo yake yote siku ya Noeli na siku iliyofuata. Mama hakutaka tuyaondoe mapema. Alisema mbegu iliyokwisha kuvishwa kama bibi harusi isivuliwe kabla sherehe haijaisha. Siku ya tatu binti yangu aliyashusha masuke ya uzi mwekundu moja baada ya jingine, mama akayafunga kwa kipande kirefu zaidi cha ile kamba niliyoikata, tukaondoka kwenda Chala kabla ukungu haujainuka. Ya uzi mweupe tuliyaacha mtini.

Nililima siku mbili na kuugua wiki nzima. Udongo wa ntumba ulikuwa mweusi na laini, na punje za ulezi zilipotoka mkononi mwa mama zilikuwa na vumbi jeupe, kiasi kwamba kiganja chake kilibaki na alama ya chokaa mpaka alipokiosha kwa maji ya mvua. Nilimwachia funguo za nyumba yangu ya Izia. Alizitundika juu ya meko, palipokuwa mahali pa fungu, kwenye moshi.

Mwaka huu, mwezi wa saba, dereva wa basi dogo linalotoka Chala alinipigia simu nikachukue mzigo. Ulikuwa mfuko wa salfeti, mwepesi mno kwa ukubwa wake. Niliufungua kituoni hapo hapo. Ndani mlikuwa na masuke ya ulezi, makubwa, yamekauka vizuri, mengi kuliko niliyoyaharibu. Niliyakung'uta kwenye kiganja, nikayabonyeza kidole kwa kidole. Yalikuwa yamepurwa, hapakuwa na punje hata moja.

"Bibi amesema uambiwe," dereva alisema, akijitahidi kukumbuka maneno kama alivyoyapokea, "haya ndiyo ya kupambia. Na amesema mwezi wa kumi na mbili umwachie msumari wake, anakuja kuyapaka chokaa mwenyewe."

Msumari upo. Ndoo ya chokaa nimeikagua jana, bado inatosha.